Kava la Ngozi la Kamera: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayoulizwa zaidi na watu wenye kamera ndogo, ziwe za filamu au za dijitali, wanaofikiria kununua kava la ngozi, kulishonesha, au kulifufua lile walilorithi. Majibu yanazingatia hali ya hewa ya Afrika Mashariki, hasa ya pwani, kwa sababu shauri linalomfaa mtu wa Ujerumani au Japani, zilikotengenezwa nyingi ya kamera hizi, linaweza kuiharibu lenzi ya mkazi wa Tanga au Lamu.

Kava la ngozi lina faida gani hasa?

Faida yake kubwa ni ya matumizi ya kila siku. Kamera inayobebwa begani hugongana na vifungo vya shati, zipu ya jaketi, funguo, ukingo wa meza na chuma cha mlango wa daladala. Migongano hiyo haiivunji, lakini huchubua rangi, hupiga kingo mikwaruzo na kuacha michirizi kwenye skrini ya nyuma, na mwisho wa mwaka kamera iliyonunuliwa mpya huonekana imetumika miaka kumi. Ngozi yenye unene wa milimita moja na nusu hadi mbili huyapokea hayo yote kabla hayajaifikia kamera.

Faida ya pili ni mshiko. Kamera nyingi ndogo zina mwili mwembamba na laini usio na mahali pa kukazia vidole, na kwenye joto la pwani kiganja kikishatoa jasho kamera huteleza. Ngozi huongeza unene kidogo upande wa mkono wa kulia na hushikika hata ikiwa na unyevu. Watu wengi huanza kutafuta kava kwa ajili ya urembo, kisha wakabaki nalo kwa ajili ya mshiko.

Ya tatu haitajwi sana, nayo inawahusu wenye kamera za zamani zisizo na kioo cha kuakisi ndani, kama vile Leica za filamu na zile za Kisovieti, FED na Zorki. Kamera hizo zina pazia la kitambaa chembamba kilichopakwa mpira, ambalo hufunguka na kujifunga ili mwanga ufikie filamu. Lenzi ikiachwa wazi ikielekea jua, hukusanya miale na kuilenga kwenye pazia hilo, na muda mfupi unatosha kulitoboa tundu. Baada ya hapo kila picha hutoka na doa la mwanga. Katika nchi ambazo jua la saa sita liko utosini kwa sehemu kubwa ya mwaka, kava linalofunika lenzi wakati wa kutembea ni kinga ya kweli.

Je, litaiokoa kamera ikianguka?

Kwa sehemu ndogo mno, na ni afadhali kudhani kwamba halitaiokoa. Ngozi ya milimita mbili haina nafasi ya kubonyea na kumeza kishindo. Kamera ikianguka kutoka kimo cha kifua hadi kwenye saruji, nguvu ya pigo hupenya ngozi na kuifikia bamba la lenzi, ambalo likipinda hata kwa sehemu ya milimita hufanya upande mmoja wa picha usionekane sawasawa. Kinachosaidia katika ajali ya namna hiyo ni begi lenye sponji nene pande zote. Kava linaweza kuzuia kona isibonyee kamera ikiporomoka kutoka kwenye kiti, lakini anayepanda bodaboda katika barabara ya vumbi akiwa na kamera kifuani anahitaji begi, awe na kava au asiwe nalo.

Kwa nini kamera za zamani karibu zote ziliuzwa pamoja na kava la ngozi?

Kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, ilionyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35 na iliingia mkononi, hivyo kwa mara ya kwanza watu wengi wakawa na chombo bora cha kupigia picha ambacho wangeweza kutembea nacho mlimani, kwenye treni au melini. Mifuko ya turubai na ya ngozi ilikuwapo kabla ya hapo, lakini kamera ya namna hiyo ilihitaji kitu tofauti: kitu kinachoifunika barabara huku kikiruhusu picha zipigwe bila kamera kutolewa. Ndipo likaenea lile kava ambalo kamera hufungwa ndani yake kwa skrubu ya chini, na sehemu ya mbele hufunguliwa ikaning'inia wakati wa kupiga. Rolleiflex ya mwaka 1929, yenye lenzi mbili, nayo ikawa na kava lake refu la kusimama.

Wakati huo hapakuwa na kitambaa cha nailoni wala sponji za kisasa. Ngozi ndiyo iliyokuwa malighafi iliyojulikana kuwa ngumu, nyepesi kiasi, inayokubali kuumbwa na inayodumu, na mafundi waliokuwa wakishona matandiko ya farasi na mifuko ya darubini walikuwa na ujuzi wote uliotakiwa. Desturi ikaendelea hadi miaka ya sabini. Kamera za Zenit na Yashica ambazo hadi leo hutolewa makabatini mwa wazee wetu kwa kawaida huwa na kava hilo hilo la rangi ya kahawia au nyeusi, lenye harufu ya pekee na nembo iliyogandamizwa mbele.

Lililolipunguzia soko ni mabadiliko ya lenzi. Kava la zamani lilikatwa kwa kipimo cha lenzi moja fupi. Watu walipoanza kununua lenzi za kuvuta na kubadilisha lenzi mara kwa mara, pua ya kava, yaani sehemu ya mbele inayofunika lenzi, haikuwatosha, na mabegi ya nailoni yakachukua nafasi yake. Lilirudi tena katika miaka ya 2010, pale kampuni zilipoanza kutengeneza kamera ndogo za dijitali zenye sura ya kizamani. Fujifilm X100, iliyoingia sokoni mwaka 2011 ikiwa na lenzi moja isiyobadilishwa, iliuziwa kava rasmi la ngozi kama zile za miaka ya hamsini, na tangu hapo mafundi wadogo wa nchi nyingi wamepata kazi.

Kuna tofauti gani kati ya kava kamili na kava nusu?

Kava kamili hufunika kamera yote pamoja na lenzi. Linalinda zaidi, lakini lina kero moja ambayo kila aliyewahi kulitumia anaijua: unapoona jambo la kupiga picha, ufungue kishikizo, ushushe pua ya kava, uisogeze isiingie mbele ya lenzi, na ukiwa tayari mtoto aliyekuwa akicheka ameshaondoka. Kava nusu hufunika chini na pande tu, likiacha juu, nyuma na lenzi wazi. Kamera huwa tayari wakati wote, mshiko unaongezeka, na kingo za chini, ambazo ndizo zinazokwaruzika zaidi kila kamera inapowekwa mezani, zinalindwa.

Kwa maoni yangu, anayepiga picha mitaani au kwenye sherehe achukue kava nusu, na anayesafiri masafa marefu huku kamera ikikaa begani kwa saa nyingi bila kutumika achukue kamili. Yapo makava kamili ambayo pua yake hutoka kabisa kwa vishikizo viwili, na hayo yanakidhi mahitaji yote mawili. Ukilipata la kamera yako, usitafute zaidi.

Kamera yangu ni kubwa na ina lenzi ndefu. Nalihitaji?

Hapana. Kamera kubwa zina mshiko wa mpira wa kutosha, umbo lake ni la mabonde na vilima visivyokubali ngozi kukaa vizuri, na lenzi zake hubadilika. Nunua begi zuri.

Naweza kuiacha kamera ndani ya kava nisipoitumia?

Usiiache. Katika majibu yote haya hakuna lenye uzito kuliko hili, kwa sababu kosa hili ndilo linaloua lenzi nyingi zaidi pwani, na wanaolifanya huamini kwamba wanaitunza kamera.

Ngozi ni kitu kilichokuwa hai. Nyuzi zake huvuta unyevu kutoka hewani, huutunza na kuuachia polepole, na ndani yake mna mafuta yaliyowekwa kiwandani ili isikauke. Kampuni ya Zeiss, inayotengeneza lenzi, imeeleza mazingira ambamo kuvu wa lenzi hustawi: unyevu wa hewa unaofikia asilimia 70 au zaidi kwa siku kadhaa, joto kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa isiyotembea, na chakula kidogo kama vile vumbi, nyuzi za kitambaa au mafuta. Sasa fikiria kava la ngozi lenye bitana ya mahameli, limefungwa vishikizo, limewekwa ndani ya kabati la nguo huko Unguja au Mombasa wakati wa masika. Hakuna sharti hata moja lililokosekana.

Kuvu huanza kama kitone, kisha hutandaza nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui kati ya vioo vya lenzi. Hapo mwanzo fundi anaweza kuifungua lenzi na kuisafisha. Ukichelewa, tindikali inayotolewa na kuvu hula utando uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mwako wa mwanga, na alama hiyo haifutiki tena. Picha hupoteza ukali wake, na ukipiga kuelekea kwenye mwanga huwa kama zimepigwa nyuma ya moshi.

Wakazi wa Nairobi, Arusha au Iringa wana unafuu, lakini wasijione wamesalimika, kwa kuwa majira ya baridi na manyunyu huwa na siku nyingi mfululizo ambazo nguo hazikauki kambani. Kava ni la kutembea nalo. Ukirudi nyumbani toa kamera, acha kava wazi, na kila kimoja kikae mahali pake.

Basi kamera niihifadhi wapi, na kava wapi?

Kwa kamera, chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, kama kile cha kuhifadhia unga, kinatosha kabisa kikitiwa pakiti za silika jeli, yaani zile chembechembe zinazonyonya unyevu, pamoja na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia kati ya 40 na 50. Chembe zenye rangi ya bluu hugeuka waridi zikishashiba maji, na za rangi ya chungwa hugeuka kijani. Zipashe katika ovini kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa moja au mbili, zitarudi katika rangi yake na kutumika tena. Wenye uwezo hununua kabati la umeme la kukausha hewa. Mchele, ambao wengi huutumia, hunyonya unyevu kidogo sana na huacha vumbi lake ndani ya kamera, hivyo uacheni upikwe.

Kava likae nje ya chombo hicho, kwa sababu tukiliweka humo litajaza silika jeli maji bure. Litundike mahali penye upepo na kivuli, pua ikiwa wazi. Lisifungwe kwenye mfuko wa nailoni hata kama ndivyo lilivyotoka dukani.

Kava limeota koga. Nifanye nini?

Litoe nje ya nyumba kwanza, ili mbegu za koga zisisambae kwenye vitu vingine, na funika pua na mdomo kwa barakoa. Lipige brashi laini likiwa kavu, kisha lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti, baada ya kujaribu mahali pasipoonekana, kwa maana spiriti huweza kung'oa rangi. Lianike kwenye upepo, na jua la asubuhi kwa dakika chache halitaliumiza. Bitana ya mahameli ndiyo yenye shida, kwani koga hujificha mizizini mwa manyoya yake na hurudi mvua ikirudi. Ikiwa harufu haiishi baada ya kusafisha mara mbili tatu, ningeibandua bitana hiyo na kumpa fundi aweke nyingine, au ningeliacha kava hilo liwe la kupamba rafu, mbali na kamera.

Kando ya vishikizo kuna uchafu wa kijani unaonata. Ni koga pia?

Siyo. Vishikizo na ribiti za kava huwa za shaba nyeupe au shaba nyekundu, na shaba ikigusana kwa miaka na mafuta yaliyomo kwenye ngozi hutoa utando huo wa kijani. Ukwangue kwa kijiti cha mwanzi au cha meno, ufute kwa kitambaa, kisha upake nta kidogo juu ya chuma. Utarudi, ila baada ya muda mrefu. Hakikisha tu kwamba hakuna ribiti iliyo wazi upande wa ndani, inakogusa kamera.

Nipake mafuta gani?

Wengi wetu hukimbilia mafuta ya nazi, na kwa nywele hatuna neno. Kwa kava hayafai: hupenya ngozi na kuilegeza, huchacha, huacha madoa, na huwapa koga karamu. Mafuta ya kula ya aina nyingine, jeli ya mgando na mafuta ya taa pia yaachwe. Hata mafuta ya kwato za ng'ombe, yanayosifiwa na watunza hatamu za farasi, yana kasoro hapa, kwa sababu hatamu hutakiwa kuwa laini na kava hutakiwa kubaki gumu lishike umbo lake.

Kinachofaa ni nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta machache, ile inayouzwa kwa ajili ya ngozi, ikapakwa kidogo sana kwa kitambaa mara moja au mbili kwa mwaka. Dawa ya viatu isiyo na rangi inakubalika kwa upande wa nje. Yenye rangi itahamia kwenye shati lako. Kwa vyovyote vile, kamera isirudishwe ndani hadi ngozi ikauke siku mbili, kwani mvuke wa mafuta hutua kwenye vioo na kuacha ukungu.

Limelowa mvua. Je, limeharibika?

Bado, ukifanya haraka. Toa kamera mara moja, kwa kuwa ngozi iliyolowa itaendelea kuipa unyevu kwa saa nyingi. Futa kava, jaza karatasi za gazeti ndani ili lisipoteze umbo, uzibadilishe zikilowa, na ulianike kivulini. Lisiwekwe juani wala karibu na jiko, maana ngozi iliyokaushwa kwa joto hukakamaa na kunywea, na kamera haitaingia tena. Likiwa limerushiwa maji ya bahari, lifute kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi ili kuondoa chumvi, kisha fuata hatua hizo hizo. Ieleweke kwamba hakuna kava la ngozi linalozuia maji. Linachelewesha tu manyunyu hadi ufike barazani.

Nitaitambuaje ngozi halisi dukani?

Angalia ukingo uliokatwa. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana kutoka juu hadi chini. Reksini huonyesha kitambaa chini na utando wa plastiki juu. Kisha kunja kidogo: ngozi hufanya mikunjo midogo isiyolingana na rangi yake hubadilika kidogo mahali palipokunjwa. Ngozi iliyodabaghiwa (yaani iliyotiwa dawa ili isioze) kwa magome na isiyopakwa rangi nzito ikidondoshewa tone la maji hulinyonya polepole. Hakuna haja ya kuchoma kiberiti, jambo ambalo wauzaji hawalipendi na wana haki.

Tahadhari na maandishi ya Kiingereza yanayodai kwamba ni ngozi halisi. Mara nyingi hugongwa kwenye ngozi ya tabaka la chini, ile inayobaki baada ya tabaka la juu lenye nguvu kuondolewa, ikapakwa rangi nene ili ifanane na nzuri. Ipo pia ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi, ambayo hupasuka kwenye mikunjo. Ngozi bandia ya poliyurethani ina tatizo lake katika pwani yetu: unyevu na joto huivunja taratibu, ikaanza kubabuka na kuacha vipande vyeusi kwenye kamera hata kama haikutumiwa.

Je, ngozi ya nguruwe hutumika?

Hutumika, hasa kwenye bitana, kwa kuwa ni nyembamba, imara na bei yake ni nafuu. Swali hili huulizwa sana na Waislamu, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, ngozi ya nguruwe haitohariki, yaani haihesabiwi kuwa safi, hata kwa kudabaghiwa. Kuitambua si vigumu ikiwa uso wake haujasuguliwa: vinyweleo vya nguruwe huacha vitundu vitatu vitatu vilivyokaa kwa pembe tatu, ilhali vya ng'ombe ni vidogo na vimesambaa sawasawa. Bitana iliyosuguliwa ikawa na manyoya haionyeshi vitundu hivyo, na hapo muulize muuzaji, au mwagize fundi akuwekee bitana ya mbuzi.

Fundi wa hapa anaweza kunishonea?

Anaweza, na kwa kamera ambazo kava lake halitengenezwi tena huenda ikawa ndiyo njia pekee. Wapo mafundi wa mikoba na viatu wenye mkono mzuri katika soko la Kariokor jijini Nairobi, na kila mji wetu una mtu wa namna hiyo. Ugumu hauko katika kushona. Uko katika aina ya ngozi na katika kipimo.

Sehemu kubwa ya ngozi duniani hudabaghiwa kwa chumvi za kromiamu. Ni laini, haiogopi sana maji, na inafaa viatu na mikoba, lakini haiumbiki: ukiilowesha na kuibana juu ya kitu, ikikauka hurudi ilivyokuwa. Kava linaloshika umbo la kamera huhitaji ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti. Magome hayo si mageni kwetu, kwa kuwa miwati ya Njombe na ya nyanda za juu za Kenya ilipandwa kwa ajili ya kazi hiyo, na magome ya mikoko ya Rufiji na Lamu yalikuwa bidhaa ya majahazi kwa muda mrefu. Mwambie fundi waziwazi kwamba unataka ngozi ya magome yenye unene wa milimita mbili, na umwombe aiwekee bitana nyembamba isiyo na manyoya.

Ngozi hiyo huloweshwa, ikavutwa na kukandamizwa juu ya kifano, ikaachwa hadi ikauke. Kifano kisiwe kamera yenyewe. Mpelekee seremala vipimo akuchongee gogo la mti lenye ukubwa wa kamera pamoja na uvimbe wa lenzi, likiwa limezidi milimita moja kila upande. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kamera iliyolazwa usiku kucha ndani ya ngozi mbichi kwa maji.

Kuhusu mshono, omba wa mkono wa sindano mbili kwa uzi uliopakwa nta. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono ya jirani hubaki imeshika, ilhali mshono wa cherehani huweza kufumuka mstari mzima. Kabla fundi hajakata, muonyeshe mahali pa betri, kadi, kitundu cha kuchajia na kipaza sauti, na usiondoke hadi ayachore kwenye karatasi.

Kava litanizuia kutumia stendi ya miguu mitatu au kubadilisha betri?

Inategemea lilivyokatwa. Makava mazuri ya nusu huwa na kidirisha chini cha kufikia betri, pamoja na tundu la skrubu la robo inchi, kipimo ambacho stendi karibu zote hutumia. Kamera kadhaa za zamani za Kijerumani zina tundu kubwa zaidi la inchi tatu kwa nane, hivyo skrubu ya kava jipya haitazishika bila kipete cha kupunguzia. Hata pale kava linapokuwa na tundu lake, kwa picha za usiku zinazochukua sekunde nyingi ni afadhali kulivua, kwa sababu ngozi iliyo kati ya chuma na chuma hubonyea na kuiacha kamera itikisike.

Kamera yangu hupata joto nikirekodi video. Kava linaongeza?

Ndiyo. Kamera ndogo hutoa joto kupitia mwili wake, na ngozi hulizuia. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha matumizi kuwa nyuzi 40 za hewa, kiwango ambacho gari lililofungwa juani hukipita upesi. Kwa video ndefu, vua kava.

Sumaku za vishikizo zinaweza kufuta picha?

Kadi za kumbukumbu hazitumii sumaku, hivyo haziathiriki. Zinazoweza kusumbuka ni kamera za zamani zenye kipimo cha mwanga cha sindano. Sumaku yenye nguvu ikikaa karibu nacho inaweza kuivuta sindano ikatoa kipimo cha uongo.

Je, ngozi huikinga filamu na mashine za ukaguzi uwanja wa ndege?

Haikingi hata kidogo. Omba filamu zikaguliwe kwa mkono, hasa zenye wepesi wa kupokea mwanga (ISO) wa 800 na zaidi, na hasa mahali penye mashine mpya zinazopiga mionzi pande zote.

Nimepata kava kuukuu la kamera ya babu. Nikague nini kabla ya kulitumia?

Anza na mkanda, kwa sababu makava mengi ya zamani yana mkanda ulioshonwa kwenye kava lenyewe, wala haukufungwa kwenye kamera. Maana yake uzito wote huning'inia kwenye mishono miwili, na kamera inashikiliwa na skrubu moja tu ya chini. Uvute mkanda kwa nguvu kamera ikiwa mezani. Ukunje polepole kila sehemu, hususan inapopita kwenye pete: ngozi ya magome iliyozeeka vibaya hutoa unga mwekundu mkononi, na ikifikia hapo hakuna mafuta yatakayoirudishia nguvu. Badilisha mkanda mzima.

Kisha kaza skrubu na uone kama meno yake yameliwa. Kagua bitana kwa kidole na kung'uta mchanga, kwani punje chache zilizonaswa humo husugua rangi ya kamera kila unapopiga hatua, na kava likawa msasa. Nusa. Ukisikia harufu ya koga, lisafishe kama ilivyoelezwa juu, liache kwenye upepo kwa wiki kadhaa, na unuse tena asubuhi yenye mvua kabla ya kutia kamera ndani.